Aliyenusurika Ni Adelina

Laurenti, mwana waitu, ndugu yangu,

Umekufa kama ulivyozoea kuondoka penye pombe: bila kuaga, wenzako bado wanacheka.

Tangu tukuzike, kijiji chetu cha Ijumbi kina kimya kibaya. Asubuhi naenda kwako, nakalia kigoda chako, natazama ukuta. Yale magazeti ya Kiingereza uliyobandika kuziba nyufa, uliyopewa na padri enzi za mkoloni, bado yapo. Moshi umeyapiga mpaka yamekuwa meusi. Ndiyo shule yetu ile. Wewe uliyeishia darasa la nne, mimi la pili, tunausoma ukuta kama maaskofu.

Unalikumbuka neno lako, “survived”? Ulimuuliza mseminari aliyekuwa anapita kwenda Rubya, akakwambia maana yake ni kunusurika. Ukarudi unakimbia! Kila Mzungu aliyekufa ukutani kwako, mwisho wa habari yake waliandika neno hilo, halafu mke, halafu watoto. Ukatuhubiria sisi tuliokuwa tunakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi: “Hawa watu wanakufa kwa ajali tu! Baba kafa, mke na watoto wamenusurika. Kila mara! Hawajui kuendesha magari.” Nikakuuliza, na huyu mzee wa juu ya dirisha, wanasema alifia kitandani? Hukupepesa jicho. “Kitanda kilivunjika.” Rubisi ikanitokea puani.

Baada ya Uhuru akaja mwalimu wa elimu ya watu wazima, akatueleza kwa upole kwamba gazeti linamaanisha marehemu ameacha mke na watoto. Ulikataa kabisa. “Ameacha? Mtu anaacha kofia. Mke ananusurika.”

Sasa sikiliza. Siku ya kumaliza matanga, kaka yako Deusi alisimama mbele ya ukoo na mwenyekiti wa kijiji, akasoma habari zako kwa sauti ya redio: “Marehemu ameacha kaka mmoja, kibanja chenye migomba na mikahawa.” Basi. Adelina wako, aliyekulisha uji kwa kijiko ulipokuwa huwezi kuinua mkono, hakutajwa. Kisha akamgeukia: “Shemeji, mtoto hukumzalia. Kwenu Izimbya wanakungoja.”

Adelina hakulia. Aliingia ndani, akatoka na jembe lake tu, tayari kuondoka. Hilo jembe, Laurenti. Hilo ndilo lililonikata maini.

Nikasimama. Walidhani nimelewa, na nilikuwa nimelewa kidogo. Nikasema, Deusi, umesoma vibaya. Marehemu alitufundisha mwenyewe: mume akifa, hiyo ni ajali, nyumba imepinduka. Aliyenusurika ni Adelina. Wewe umeona wapi mtu ametambaa kutoka kwenye gari lililopinduka, halafu anasukumwa mtaroni?

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka. Yule mwalimu wa watu wazima alikuwepo, akatazama miguu yake, hakunisahihisha. Shangazi yako, yule anayeogopwa na ukoo mzima, akainuka na fimbo yake, akamnyang'anya Adelina jembe na kulirudisha ndani. Akasema kwa Kihaya, binti huyu atalima hapa mpaka afe, na mwenye neno aje nyumbani kwangu aliseme. Nani aende? Mwenyekiti akaitikia haraka. Deusi akaondoka bila kula. Nyama yake nimekula mimi.

Nikatoka pale mbio, nina hamu ya kumsimulia mtu. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa chumba chako. Nikapiga hodi, Laurenti. Nikapiga hodi! Ndipo nikakumbuka. Nikakaa chini, mzee mzima, nikalia kwa sauti. Adelina akaja akakaa kando yangu.

Yeye sasa watu wote wanajua kanusurika. Mimi je? Gazeti gani liliwahi kuandika kwamba amenusurika rafiki? Nimetafuta ukutani kote. Hakuna.

Basi lala, mwana waitu. Mvua zimeanza, na mgomba wa nyuma ya jiko umezidiwa na mkungu, unainama. Kesho naja na mti wa kuuegemeza. Maadamu magoti haya yananibeba, Adelina hatalima peke yake, nakuahidi. Watu watasema maneno. Waache waseme, na Deusi akija kuyasikiliza, nitayaongezea chumvi.

Ni mimi,
Patrisi