Kikundi cha Mutu Mumoja

Yaya Zaina, dada yangu mukubwa,

Nimefika Kabambare na matope mpaka kwenye masikio, lakini hiyo si kitu.

Unajua kazi yetu. Kila kituo cha afya kiko na simu yake, na jina la mugonjwa halitoke mule. Simu inapanga wagonjwa wanaofanana kwa vikundi, inatutumia kule ofisini Kasongo wastani tu wa kila kikundi. Nilijisifu sana kwamba siri iko salama. Sikuwaza kama wastani wa mutu mumoja ni yule mutu mwenyewe.

Hapa kila habari ya kituo inasomwa kwa sauti mbele ya watu. Leo muganga akasoma vikundi vilivyopangwa na simu: "Kikundi cha tatu: wajane waliotoka kwenye machimbo ya zahabu, wanaomeza dawa za ukimwi." Mujane wa machimbo hapa ni mumoja, Mama Sifa, anayeuza sombe, majani ya muhogo ya kupikwa, kwenye mulango wa kituo. Banchi nzima ya wagonjwa ikamugeukia. Wanawake waliokula sombe yake asubuhi wakaanza kutema mate.

Nilienda kumuomba musamaha. Akafunika sufuria, akaniangalia.

"Mumewaficha watu wa Kasongo jina langu, na wao hawanijue. Hawa wenye wananijua, mukawapa yote yaliyobaki?"

Nilinunua sombe yake yote. Iko tamu, yaya.

Mungu akuchungie watoto. Na mama, umuambie aache kwanza kujisifia kazi yangu.

Mudogo wako,
Amisi