Kichupa Katika Mfuko wa Mwingine

Jumatatu, 3 Machi

"Wivu" maana yake ni maumivu ya mtu anayeogopa kwamba kilicho chake kinahamia kwa mwingine. "Husuda" ni maumivu ya mtu anayetamani kilicho cha mwingine. Mawili hayo hayachanganywi. Kazi yangu ni kuandika miswada ya sheria, na mswada usiofasili maneno yake mwanzoni huzaa kesi. Basi nafasili: nilicho nacho mimi ni wivu.

Chanzo ni kichupa cha vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Tangu mke wangu apate mshtuko wa moyo, mwaka juzi, kimekaa katika mfuko wa shati langu. Leo asubuhi amenyoosha mkono, akakiomba. Katika kundi lao la mazoezi — wote wamewahi kupata mshtuko — wamepangwa wawili wawili, na kila mmoja hubeba kichupa cha mwenzake hadi mazoezi yaishe, kwa hoja kwamba anayeanguka hawezi kujipekua mifuko. Hoja ni sahihi. Ndiyo inayoniudhi.

Mwenzake ni fundi magari. Wanamwita Gia Mbili, kwa sababu daktari amemkataza mwendo unaozidi hapo.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda uwanjani kuangalia. Nilikaa ndani ya gari kama mpelelezi. Gia Mbili akaja hadi dirishani: shemeji, shuka basi, au na wewe umekatazwa kutembea?

Shemeji! Kifungu kilichotungwa kwa ustadi. Kwa neno moja amejifanya kaka wa mke wangu, nami sina tena pa kushtaki.

Benchi lilikuwa juani. Wakalihamishia kivulini, yeye upande huu, mke wangu upande ule, wakicheka. Nyumbani hata birika simwachii anyanyue.

Walipomaliza mzunguko wa mwisho tu, nikapiga honi. Nikapiga tena. Mke wangu akaja mbiombio, amenuna.

Alhamisi, 6 Machi

Ile honi imeleta balaa. Iliwaharakisha, hawakurudishiana vichupa. Mkobani mwa mke wangu kimekutwa kichupa chenye jina la fundi. Chake kimeondoka na fundi. Amezunguka chumba kizima kama aliyepotelewa na mtoto. Nikamweleza kwamba dawa ni ileile, kipimo kilekile, tena tarehe ya kuisha ya hiki ni ya mbele kuliko ya chetu. Hakuna aliyepungukiwa. Akanitazama kama watu wanavyomtazama karani aliyefunga dirisha saa ya chakula. Akasema yeye hazungumzii vidonge. Alimwahidi mtu kumrudishia mkononi.

Binti yetu amepiga simu. Ameshasimuliwa yote. Amecheka hadi akapaliwa: Baba, unamwonea wivu fundi mwenye kitambi? Nimemsahihisha. Kitambi hana tena. Amepungua.

Sasa kichupa cha Gia Mbili kimelala katika mfuko wa shati langu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekipeleka gereji mwenyewe. Mke wangu alitaka kwenda. Nikamwambia napita huko huko. Sipiti kokote siku ya Jumamosi, naye anajua.

Gia Mbili alikuwa chini ya gari, miguu tu ikionekana. Akatoka, akanawa kwa sabuni ya unga hadi viwikoni, ndipo akakitoa kichupa cha mke wangu. Alikuwa amekifunga kwa kitambaa cheupe, kisipate grisi. Nilitafuta dosari katika kitambaa kile. Sikuiona.

Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, kama dada ameendelea vizuri baada ya kile kifua cha Jumatatu.

Kile kifua cha Jumatatu. Nikajibu kwamba anaendelea vizuri. Akasimulia, akidhani najua: kilimbana kidogo penye mwinuko, wakakaa chini, akaweka kidonge, kikaachia, mtaalamu wa mazoezi akampima na daktari akaarifiwa siku ileile. Kila aliyestahili kuarifiwa aliarifiwa. Mimi sikuwamo.

Nyumbani nikamuuliza mbona sikuambiwa. Alikuwa akikamua nguo. Hakuacha kukamua.

"Nikikwambia wewe, mume wangu, nakuwa mgonjwa wiki nzima. Nikimwambia yule, tunakaa, kinapita, tunasimama. Anaogopa kama mimi, ndiyo maana hanitishi."

Nimerudi mezani kurekebisha fasili ya Jumatatu. Fundi hajachukua kilicho changu. Hofu ile haikuwahi kuwa yangu. Wana kitu hawa wawili. Wamefika ukingoni, wakarudi na ucheshi, wanahamisha mabenchi. Mimi niliyebaki huku salama ndiye ninayetembea kwa kunyata ndani ya nyumba yangu. Nakitamani kitu chao. Basi ni husuda, si wivu. Lakini kumhusudu mkeo kwa moyo wake ulioumia — hilo nalifasili vipi, na nani atanipitishia?

Ananiita kutoka ngazini. Ana beseni la nguo mbichi, anapanda juu kuanika.

"Unakuja, au unaandika?"

Hakusema nikambebee. Kichupa kiko mfukoni mwangu, bado kimo ndani ya kitambaa cha fundi. Ngazi zile ni ndefu. Beseni lina mishikio miwili. Je, nikifika hapo, nitaweza kushika mmoja tu?