Chumba cha Bibi Hakivuji Tena

Mama,

Ukiingia, panda juu ufungue madirisha yote ya chumba kipya cha Bibi. Mkaguzi anayekuja kesho kupima kama baridi ya kiyoyozi inavuja, atatusubiri.

Asubuhi Bibi alijifungia humo kufukiza udi, kama kawaida yake. Kumbe kazi yetu ilikuwa nzuri kupita kiasi. Fundi alikuwa ghali, basi mimi na Baba tukaziba kila upenyo kwa povu na mpira, nami nikamtangazia Bibi rasmi kwamba hata jini hapenyi. Moshi wa makaa nao haukupata pa kutokea. Nilipompelekea chai nikagonga, hakuitika. Nikadhani ananilipizia utani wangu wa jana, nikabaki mlangoni nacheka. Halafu nikafungua.

Baba ameshampakia garini. Anapumua, ila ananiita kwa jina la marehemu Babu.

~~Usimwonyeshe Lina.~~ Najua dada yangu anasoma nyuma ya bega lako. Lina, mrudishe kuku frizani.

Tufuateni hospitali ya hapa Aziziya. Leteni ikama ya Bibi, kile kibali chake cha ukaazi, na miwani yake. Akili ikimrudia atataka kuniona vizuri wakati ananigombeza.

Naomba anigombeze.

Mjukuu wake,
Hamdan