Gilasi Moja ya Moyo

Mdogo wangu,

Mashati yamefika na yamemkaa Baba vizuri. Paka amezaa tena kabatini. Habari njema zimeishia hapo.

Nani alikutuma umwandikie Baba kwamba gilasi moja ya mvinyo kila jioni ni dawa ya moyo? Miaka tisa hakugusa pombe, ukaja kumfungulia mlango kwa karatasi. Wiki ya kwanza alipima kwa kijiko cha dawa. Sasa gilasi yake ni lile jagi la maji. Nikisema neno, ananionyesha barua yako aliyoibandika ukutani. “Mwanangu kasoma. Wewe fundi cherehani unajua nini kuhusu moyo?”

Juzi aliifungua ile saa uliyomwachia aitengeneze. Mkono uliozoea kushika skrubu ndogo kama chembe ya mchanga uliziangusha zote. Nikapiga magoti kuziokota, naye akasema ni baridi. Hapakuwa na baridi.

Hiyo gilasi uliimwaga wewe, basi izoe mwenyewe. Mwandikie leo aache. Barua ikiwa ya kwako, ataibandika.

Dada yako,
fundi cherehani asiyejua moyo