Zamu ya Kalondu

Mwaitu,

Tumefika. Najua ungesema, "Sasa ndio mnafika?" ukipinda mdomo vile unajua kuupinda, halafu ungeenda jikoni bila kungoja jibu. Ulitungoja miaka kumi na tano, Mama, ukashindwa na miezi mitatu tu. Tiketi za Agosti zilikuwa zimelipwa. Nilikusomea tarehe kwa simu, ukaniambia unafuga jogoo wa kutupokea. Mwezi wa tano nikaja peke yangu kukuzika, na huyo jogoo akachinjwa siku ya mazishi. Walinipa paja lake. Nilikula na sikusikia ladha yoyote.

Wacha nikupe habari za boma, maana wewe barua isiyo na habari ungeitupa. Baba yuko. Anakataa kulala kwa kitanda chenu, analala kwenye kochi tulilosafirisha kutoka Uingereza kwa kontena. Mwende, mke wangu, alisisitiza pia tubebe ile blanketi nene ya manyoya, ya baridi ya Leeds. Hapa Mutomo, na hili jua! Baba aliitazama, akaipeleka kwa zizi, sasa inalaliwa na mbuzi aliyezaa mapacha. Mwende amefungua duka la dawa sokoni, na wengi wanaoingia wanataka ushauri wa bure. Mimi niliyekuwa dereva wa basi sasa nina pikapu, nabeba saruji leo na kondoo kesho. Mwanangu Kilonzo mdogo alivua viatu wiki ya kwanza na hajavivaa tena. Kikamba amekijua haraka, lakini alianza na matusi.

Shida yetu ni Kalondu. Si wewe, yule binti yangu mwenye jina lako. Ana miaka kumi na tatu, amezaliwa Leeds, na huko shuleni walimkata jina wakamwita Kay. Tulipokuwa tukifunga mizigo alilia mpaka Mwende naye akaanza kulia, na mimi kwa kutaka amani nikampa neno langu: jaribu mpaka Krismasi, ikikushinda utarudi ukae na Ndinda, dada ya mama yako. Haki sikudhani atanishika kwa hilo neno. Lakini ni mjukuu wako. Kila Jumapili Ndinda alipiga simu, na kila Jumapili mtoto alimwambia kile chumba asikipe mtu mwingine.

Shuleni hapa walimcheka. Anaongea Kiingereza cha televisheni na Kiswahili cha mtalii. Kikamba anasikia vizuri, maana ndicho mimi na Mwende tulikuwa tukitumia kugombana, ila kukisema anaona haya. Simu yake aliiacha na saa za Leeds. Ukimuuliza kitu mchana anakujibu kwamba sasa hivi wenzake wako kwa mapumziko ya kwanza. Alikuwa na heshima, alifua, aliosha vyombo, alimpelekea Baba chai. Alikuwa kama mgeni mwenye adabu anayengoja gari lake, na hiyo iliniuma kuliko angenitukana. Nilikuwa naogopa, Mama. Mtu akihamisha familia yake halafu mmoja arudi alikotoka, hajahama. Amegawanya nyumba yake mara mbili.

Tena kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu nikuzike, sikuweza kumwita Mwaitu, mama yangu. Wewe ndiye ulinifunza kwamba mtoto aliyebeba jina la mama yako ni mama yako, umwite hivyo hata akiwa kwa nepi, na kule Leeds nilimwita hivyo mbele ya watu wote bila haya. Baada ya kukufukia hilo neno likakataa kutoka. Nikawa nasema "wewe, njoo," "wewe, chukua." Aliona. Hakuuliza.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wakaja wenzako wa mwethya, wale wa kulimiana kwa zamu. Kikundi kizima cha kina nyanya, Susu Kamene mbele na ile fimbo yake asiyoitumia ila kuelekeza watu. Walikaa, wakanywa chai, wakazungumza mambo ya mawingu na ya kanisa, ndipo Kamene akaeleza kilichowaleta. Tangu mwaka jana mlikuwa mnachimba mitaro ya kuzuia maji, shamba moja baada ya jingine, kila Jumatano. Wewe ulichimba kwa kila mmoja wao. Zamu yako ndiyo ilikuwa ya mwisho, ukafa kabla haijafika, na tangu siku hiyo majembe yao yamelala. Sasa wamesikia Kalondu amerudi, na wamekuja kupanga siku.

Mimi na akili yangu ya ng'ambo nikadhani nawahurumia. Wamama wa umri ule, jua kali namna ile! Nikawaambia wasijisumbue, nitaleta tingatinga kutoka Kitui mjini, limalize hiyo kazi asubuhi moja. Nilisema nikitabasamu, Mama. Susu Kamene akaweka kikombe chini kikiwa nusu. Wakainuka wote, wakafunga leso zao, wakaenda bila hata sala ya kufunga. Unawajua. Hao huomba hata wakimaliza kugawana chumvi.

Baba alikuwa ameketi mlangoni. Hakupaza sauti. "Umefukuza rika la mama yako kutoka kwa boma lake," alisema, na mpaka Jumapili hakunisemesha tena.

Nikabeba sukari na majani ya chai nikaenda kwa Kamene kuomba msamaha. Sukari alipokea. Msamaha aliuweka mbali kidogo. "Mutinda," akaniambia, "sisi hatukuja kwako. Tulikuja kwa Kalondu, na yeye hajatujibu."

Ikabidi nimweleze mtoto. Nilidhani atacheka, ama atasema hayo ni mambo yetu ya kizamani, yamemhusu nini. Aliacha sufuria aliyokuwa akisugua, akaniuliza kama ni kweli hao wanawake wanamhesabu yeye kuwa ni wewe. Nikasema ndiyo, kwetu ndivyo ilivyo. Akaniuliza, "Na wewe?" Mama, nilijifanya nimesikia mbuzi wakipiga kelele, nikatoka nje.

Kesho yake baada ya masomo alikwenda kwa Kamene na sare yake ya shule, akawakuta wenzako huko. Alirudi jua likizama, vumbi mpaka kwenye nyusi, na habari zako ambazo mimi mwanao sikuwa nazo. Kumbe ulikuwa mvivu wa jembe! Mimi nimekua nikijua mama yangu ni chuma. Walimwambia ulikuwa ukichimba kidogo, halafu unaanza kisa, na hicho kisa kilikuwa lazima ukisimulie umeketi. Hakuna aliyekukemea, maana siku usipokuja, kazi ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali zaidi. Mtoto alinisimulia akicheka mpaka akashika mlango. Kwake wewe ulikuwa sauti ya simu inayouliza kama amekula na kama anasoma vizuri. Siku hiyo ndiyo alipata susu wake, nyanya yake hasa, na wewe hauko.

Alinieleza pia kwamba Kamene alimsalimia kama rika lake, kisha akamsuta kwa kuwaacha bila kwaheri. Mtoto akajaribu kwa Kikamba chake cha kuvunjika, akasema pole, nilikuwa mbali. Wale wamama wakatazamana, na mmoja akamshika mkono asiuachilie. Aliniuliza kama alikuwa amesema vibaya. Nikamwambia hapana, ulisema sawa kabisa.

Siku ikapangwa, na kwa sababu Kalondu ana shule, Jumatano yenu ikageuzwa Jumamosi. Wewe uliwahi kusogezewa siku? Mwende aliamka mapema kuchemsha isyo, mahindi na maharagwe, kwa ile sufuria yako ya harusi. Wenzako wakafika na majembe na mitaimbo, lakini hakuna aliyepiga hata pigo moja. Walisimama wakimtazama mtoto. Kamene akampa kamba, akamwambia mwenye shamba ndiye huonyesha. Kumbe msichana alikuwa amejiandaa, amemuuliza Baba maji hushukia wapi mvua ikinyesha. Alitembea na ile kamba pole pole, akinyoosha kidole, na mstari wake ukapita katikati ya pale nilipokuwa nimemwaga changarawe ya murram nipate mahali pa kuegesha pikapu. Murram ya pesa zangu! Nikafungua mdomo. Baba akanitazama. Nikaufunga.

Wakachimba, naye akachimba. Viganja vilimtoka malengelenge, Mwende akataka kumfunga bendeji, akakataa kwa sababu hakuona mwingine aliyefungwa. Jua lilipochachamaa akaketi kwenye ukingo wa mtaro na kuanza kisa cha siku basi langu liliposhindwa kupanda kilima kwenye theluji, abiria wakashuka kulisukuma, na mimi ndani nikiomba kwa Kikamba kwa sauti kubwa. Alikisimulia kwa Kikamba na Kiswahili na mikono. Wenzako walicheka mpaka wengine wakaketi chini, na Kamene akapangusa macho akasema, "Huyu ni yeye." Ni mimi nilikuwa nikichekwa kwa shamba langu mwenyewe, na nilikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu uende.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuwabebea maji. Nilifika na jagi nikasema, "Mwaitu, shika maji." Lilitoka lenyewe. Aligeuka mara moja akapokea, kana kwamba sikuwahi kuacha kumwita hivyo. Nikaenda nyuma ya tangi nikalia kama mtoto, na Baba akaja akasimama karibu nami, akijifanya anaangalia kama bomba linavuja.

Mvua ya Novemba ilikuja kwa hasira. Maji yote yanayoshuka kutoka kwa jirani, yale yaliyokuwa yakikusombea mahindi hadi barabarani kila mwaka, yaliingia kwenye mtaro yakatulia humo. Kunde zimeota mpaka nashindwa kupita. Pikapu yangu inalala nje ya lango, kwa matope, na hakuna anayeihurumia.

Halafu Krismasi ikafika. Ningeweza kunyamaza, Mama, na Mwende alitaka ninyamaze. Lakini hukunilea hivyo. Nilimwita Kalondu tukakaa kwenye ngazi ya jikoni, nikamwambia miezi imekwisha na mimi ni mtu wa neno. Akisema arudi, nitanunua tiketi.

Alichezea sugu ya kiganja pale malengelenge yalipokuwa. Akasema, "Siwezi kwenda saa hii, Dad. Jumamosi tunapalilia kwa Susu Kamene. Yeye alichimba kwangu." Nikamuuliza, na baada ya hapo? Baada ya hapo, akasema, ni zamu ya Susu Nduku, halafu wale wa ng'ambo ya mto, halafu sijui nani. Ndinda ameambiwa angoje kidogo.

Hakusema atakaa. Nataka uelewe hilo vizuri, usije ukaanza kusifu Mungu mapema. Lakini usiku ule nilimweleza Mwende, na sote wawili tukakumbuka ya kwetu. Nilipokuaga nilikuambia ni miaka miwili tu. Na sikukudanganya. Hakuna siku hata moja niliyokaa chini nikaamua kubaki Uingereza. Kulikuwa tu na zamu ya Jumatatu, halafu kodi ya nyumba, halafu mtoto anaanza shule, halafu mwenzangu kazini ni mgonjwa naombwa nimshikie siku zake. Hivyo tu, kidogo kidogo, ndivyo nilivyokupotea. Sasa namtazama mtoto wangu akipotelea upande huu, kwa njia ile ile, na sithubutu hata kukohoa.

Nakuahidi hivi, Mama. Sitamuuliza tena, na sitamfungia mlango. Akikaa, shamba ni lake, apitishe mitaro anapotaka, hata chumbani kwangu. Akienda, nitampeleka mimi mwenyewe mpaka uwanja wa ndege bila kununa, na Jumamosi itakayofuata nitachukua jembe lake niende nikasimame kwenye mstari na wale wamama, nimlimie kila zamu yake mpaka ya mwisho. Watanicheka. Wacha wanicheke. Jina lenu halitahesabiwa tena kuwa halikuja.

Pumzika, Mwaitu. Baba anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia.

Mwanao,
Mutinda