Diski ya Bi Mkubwa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Diski ya studio yangu ya video inakaribia kujaa, na imeanza kugonga ndani – dalili ya kufa. Harusi za baada ya Idi ndiyo kwanza zinaingia. Nimemlilia mume wangu Nurudini hadi akaniletea nyingine kutoka Kigoma. Nafasi ya tera mbili! Nimempikia kuku.

Jumanne, 10 Juni
Kumbe si yangu. Ni ya Firdausi, mke mkubwa, kule Kibondo. Naye anafunguliwa studio! Mimi niikloni tu – kila kilichomo kwenye yangu kiingie kwenye yake – Nurudini aondoke nayo akienda zamu ya kwake. Eti mwenye wake wawili lazima agawe sawa, na hapa hata faili moja halitazidi. Sawa gani? Yeye diski mpya, mimi hii kuukuu inayokufa! Na harusi yangu mwenyewe imo humo, Nurudini ananilisha keki. Firdausi aitazame? Naona wivu!

Jumatano, 11 Juni
Nimekloni. Umeme ulikatika katikati, nikaanza upya. Sasa ukizifungua ni zile zile. Nurudini kwenye kompyuta anajua kuzima tu.
Nimebadilisha makava. Kuukuu imevaa jipya.

Alhamisi, 12 Juni
Kaondoka na basi la asubuhi, boksi kalipakata. Mpya iko mezani kwangu. Haki yangu! Nimeimba huku naediti.

Ijumaa, 13 Juni
Firdausi kanipigia. Hajawahi. Nikajua nimeshikwa. Wapi – ananishukuru. Kaambiwa nimempa kazi zangu zote bila kinyongo.
"Mdogo wangu, ningekuwa mimi, nisingekupa."
Akaendelea: simu yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo video za marehemu mama yake, zile za mwisho, kazihamishia kwenye diski, kwenye simu kazifuta. Hana kwingine. Akauliza zitakaa salama humo, eti?
Nikasema ndiyo. Ulimi huu!
Nimevaa baibui, diski mpya nimeitia mkobani, niwahi basi la Kibondo. Nikifika nitaomba radhi, nitazinakili mwenyewe kabla haijafa. Nimefika mlangoni kwangu. Nimekumbuka Nurudini yuko kwa Firdausi hadi wiki ijayo, atanifungulia mlango yeye, amevaa kanzu ya nyumbani.
Nimekaa tena.