Kifuniko cha Kufuli

Jumatatu, 4 Machi

Pikapu imezima tena! Katikati ya mlima, magunia ya pumba za kuku nyuma, mimi mbele napiga honi – sijui nikimwita nani. Vijana wa pikipiki wamekuja kusukuma huku wamekufa kwa kicheko. Eti, "Mama Pumba, punda wako kagoma!" Nimewajibu punda wangu hajagoma, anatafakari. Aibu tupu.

Nimekaa nusu saa hivi, nikapiga stati – ikawaka! Kama mtoto aliyesingizia tumbo, na sasa muda wa shule umeshapita.

Mwanangu kapata habari kabla sijafika nyumbani. Sijui nani mwenye mdomo. Kasema pikapu iuzwe, mimi nihamie kwake nipumzike. Nipumzike! Kwake kuna kochi jeupe lisilokaliwa, na televisheni isiyozimwa. Na wateja wangu, kuku wao watakula nini? Najua anaogopa siku moja nitakwama gizani peke yangu. Ananipenda, sikatai. Lakini bila pikapu mimi nitakuwa bibi wa kuletewa chai. Sitaki!

Jumanne, 5 Machi

Fundi Bado kaja. Jina kajitafutia mwenyewe – kila ukimuuliza gari limepona, jibu ni "bado kidogo." Kafungua tangi, kanusa, nikadhani atakunywa. Kasema dizeli chafu. Kabadilisha filta, kalegeza skrubu, kapampu kwa mkono mpaka povu likaisha, maana yake hewa imetoka. Ikawaka papo hapo. Kajipiga kifua.

Jumatano, 6 Machi

Imezima. Mlima ule ule.

Fundi Bado kwenye simu: basi ni pampu ya dizeli. Kaja na masanduku yake yote ya spana, kafungua tangi, kanusa kama kawaida yake – nikajaribu stati, ikawaka! Pampu hajaigusa hata kwa kidole. Gari gani hili linalopona likimwona daktari? Naye kashangaa, ila sifa kazichukua zote.

Mwanangu kapata mnunuzi. Anakuja Jumamosi. Sikula vizuri leo.

Alhamisi, 7 Machi

NIMEIJUA DAWA YAKE!

Imezima nyuma ya soko. Fundi hapokei simu. Nikasema, ngoja nifanye anavyofanya yeye, ninuse angalau. Nimezungusha kifuniko cha tangi – fyuuu! Tangi limevuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa mto usoni. Nikapampu kidogo, nikapiga stati, ikawaka. Nikabaki nimesimama na kifuniko mkononi. Kipya, kinang'aa, kina kufuli ambayo ufunguo wake nimeufunga pamoja na wa gari. Na hakina tundu la hewa hata la sindano! Dizeli inatoka, hewa haiingii, mwishowe tangi linayang'ang'ania mafuta yake na injini inakufa kwa kiu. Fundi alikuwa anaiponya kwa kunusa, mwenyewe hajui!

Nimekirudisha, nikakilegeza nusu duara. Nimepanda mlima mara mbili, ya pili kwa kujionyesha tu. Vijana wa pikipiki wamenipigia makofi.

Sasa kichekesho. Kifuniko hicho kaninunulia nani? Mwanangu! Mwezi uliopita, wezi walipofyonza dizeli yangu. Kakileta ndani ya karatasi ya zawadi, kakifunga kwa mkono wake, kaniambia sasa nilale usingizi. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka machozi. Nitamwambiaje?

Ijumaa, 8 Machi

Sikumwambia.

Nilikwenda kwake nimeshajipanga maneno. Kabla sijafungua mdomo, kasema, "Mama, mnunuzi ni mmoja tu huyu. Akiikataa, sitaongea tena habari ya kuuza." Jamani! Shetani kanikonyeza pale pale. Nimekula chakula chake, nimesifu kochi lake, nimerudi zangu kimya kama maji mtungini.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi nimekaza kile kifuniko mpaka kiganja kimeuma.

Mnunuzi kafika. Bwana wa adabu, shati jeupe, "shikamoo mama" ya kubembeleza. Wameondoka yeye na mwanangu kuijaribu. Nikakaa kibarazani nimejaa furaha ya dhambi.

Wamerudi – na injini inanguruma vizuri kabisa! Roho ikanidondoka. Kisha mwanangu kashuka, uso chini: ilizima mlimani. Roho ikarudi! Nikajitia masikitiko. Mnunuzi kanieleza taratibu, kwa huruma: pampu imekufa, nozeli za kupulizia dizeli nazo zinaifuata, matengenezo yake si mchezo. Lakini kwa kunionea huruma mtu mzima kama mimi, ataichukua hivyo hivyo. Kwa nusu ya bei. Leo leo.

Nikamuuliza mwanangu, sasa iliwakaje? Kasema mnunuzi alimtuma akatafute jiwe la kuzuia tairi. Kurudi na jiwe lake, kakuta injini inanguruma.

Nimezunguka nyuma ya pikapu kama mtu anayeiaga. Kifuniko kimelegezwa. Nusu duara!

Anajua! Bwana shikamoo anajua kila kitu, anatupiga changa la macho mchana kweupe. Na mwanangu kamwamini, maskini, kanishika bega, kasema tushukuru tumepata wa kuichukua.

Nimewaambia naleta chai. Nimejifungia jikoni, naandika nimesimama. Kadi ya gari ina jina langu, wananisubiri mimi tu niweke sahihi. Nikisema ugonjwa ni kifuniko, mwanangu atauliza nimejua tangu lini. Halafu atauliza nani alikikaza leo asubuhi.

Chai imechemka mpaka imemwagikia jiko. Mwanangu anaita mara ya pili. Haya, naenda. Nianze na lipi – kwamba mgeni wetu ni mwongo, au kwamba waongo tuko wawili?